LORI LINA BIMA YA KUVUKA MPAKA, MTU HANA

Dereva wa lori akipakia mchele Mpanda, akashika njia ya Sumbawanga kwenda Zambia na labda kutoka huko mpaka Lubumbashi, katika hati zake huwamo bima iitwayo Kadi ya Manjano ya COMESA. (Tusiichanganye na ile kadi ya manjano ya chanjo, ambayo nayo yavuka mpaka bila taabu.) Kadi hii ya magari ilianza kutumika mwaka 1987. Lori likimgonga mtu katika nchi ya jirani, ofisi ya bima ya nchi ile hushughulika na madai, halafu hudai fedha zake kwa ofisi ya nchi iliyotoa kadi. Nchi yetu ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini katika Kadi hii haikujitoa. Wakubwa waliona mbali. Walijua kuwa biashara ya magari haiendi bila bima inayovuka mpaka.

Tena waliotengeneza kadi hii waliufikiria hata mwili wa dereva. Akiumia katika ajali ya gari lile, yeye na abiria wake, gharama za kuwatibu zimo. Lakini dereva huyo huyo akishikwa na malaria kali usiku, au akapata kidole tumbo, na lori lake limesimama zima kando ya barabara, hana kitu. Ili atibiwe kwa bima inabidi kwanza lori lipinduke.

Ndugu wanachama, hilo ndilo shauri letu la juma hili. Twasema kwamba nchi iliyoweza kufanya mapatano ya bima na majirani kwa ajili ya lori, yaweza kuyafanya kwa ajili ya mtu. Na twasema wazi kwamba haijayafanya kwa sababu anayeteseka kwa kukosa mapatano hayo ni mkulima na mvuvi na mchuuzi wa dagaa, si mwenye lori. Mwenye lori anayo sauti mjini. Mvuvi wa Ikola sauti yake yaishia ufukoni.

Hebu tuutazame Mkoa wa Katavi. Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012, ulipokatwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Katika miaka kumi watu wamezidi mara mbili! Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wafipa wamo, Wasukuma wameshuka na ng'ombe wao, Waha wamo, na wamo ndugu zetu wa Katumba na Mishamo, ambao habari zao tutazieleza. Upande wa magharibi mkoa waishia katika Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kutoka Karema kuvuka mpaka Moba ni safari isiyofika kilometa 100 za maji. Kutoka Karema kwenda Mpanda, kisha Sumbawanga, kisha Tunduma, kisha Mbeya, iliko hospitali ya rufaa ya kanda ambayo mkoa huu umepangiwa, ni zaidi ya kilometa 600 za barabara.

Mtu wa Dar es Salaam akisikia kwamba mtu wa Karema ameugua Moba, huuliza, alifuata nini huko? Alifuata riziki, Bwana. Wavuvi hutoka jioni na taa zao kutafuta dagaa na migebuka, na majini hapana mstari uliochorwa. Injini ikizima na upepo ukawasukuma upande wa pili, watu hupambazukiwa Kongo. Wengine huenda kwa makusudi, na mchele au sabuni, wakarudi na vitenge. Wengine wana shangazi huko. Ziwa lile ni kiwanja cha nyumba moja yenye milango miwili.

Sasa mtu huyo akivunjika mguu kule, au mama mchuuzi akashikwa na uchungu kabla ya siku zake, atatibiwa kwa fedha mkononi, faranga za Kongo au dola. Asipokuwa nazo atauza bidhaa yake, na ikiisha bidhaa atauza injini ya boti. Akirudi kwao na risiti iliyoandikwa Kifaransa, kadi yake ya bima ya Tanzania haina la kumwambia. Bima ile hukaa nchini kama mwenye nyumba asiyetoka nje jua likizama.

Na ng'ambo nako ni vivyo hivyo. Mama wa Kongo anayefika pwani yetu na mtoto anayetetemeka kwa homa hafukuzwi na muuguzi mwenye utu. Atahudumiwa. Lakini dawa za zahanati hupangwa kwa hesabu ya wakazi wa pale, na yule mama hayumo katika hesabu. Hapana mfuko wa Kongo utakaorudisha gharama ile. Mwisho wa mwezi dawa zikipunguka, mkazi wa Karema humnung'unikia Mkongo, na Mkongo naye amekwisha kwenda zake. Ndivyo majirani wanavyofarakanishwa na karatasi ambayo haikuandikwa.

NANI ALIUPASUA UPWA HUU?

Vijana wetu yafaa wakumbushwe. Karema ile ya leo ilianzishwa kuwa kituo cha Wazungu mwaka 1879, na walioianzisha walikuwa Wabelgiji, watu wa chama cha Mfalme Leopold. Nia yao ilikuwa kuishika njia kutoka pwani ya Bahari ya Hindi mpaka ndani ya Kongo. Mwaka 1885, mataifa ya Ulaya yalipokwisha kugawana Afrika mezani Berlin, Wabelgiji wakaiacha Karema kwa Mapadre Weupe, maana upande huu wa ziwa ulikuwa umeangukia Wajerumani. Hivyo ukitaka kujua kwa nini mtu wa Karema na mtu wa Moba ni wageni wao kwa wao, usitafute katika lugha wala katika damu. Tafuta katika meza ya Berlin.

Na baada ya kugawana, je, waliuheshimu mpaka wao? Kwa mizigo hawakuuheshimu hata siku moja. Wajerumani walipong'olewa katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji walikaa mwaka 1921 wakapatana kwamba mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite Kigoma na Dar es Salaam bila ushuru, na Wabelgiji wapewe sehemu za bandari kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Kisha mwaka 1950 Waingereza wakafungua reli ya kilometa 210 kutoka Kaliua kuja Mpanda. Hawakuileta kwa ajili ya kumpeleka mgonjwa Tabora. Waliileta kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, na madini yalipokoma walikuwa karibu kukoma wao pia. Mkoloni hakuwa mjinga. Alijua kwamba mzigo usizuiwe na mpaka. Wa kuzuiwa ni mwenyeji.

Palikuwa na mtu mmoja Karema ambaye vitabu vya wakubwa havimtaji sana. Jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa mbali sana, katika nchi iitwayo leo Mali, akachukuliwa mtumwa angali mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu pale mpaka alipokufa mwaka 1956. Miaka sitini na zaidi! Alikuta Mjerumani, akaona Mwingereza, na alipokufa TANU ilikuwa na umri wa miaka miwili. Mwafrika aliyevuka bara zima aliwahudumia Waafrika ambao hakuzaliwa nao, na hapana aliyemwambia kwamba elimu yake ni halali Mali tu. Twamtaja ili wale wanaosema kwamba matibabu ya kuvuka mpaka ni fikira za juzi juzi wajue kwamba Karema iliyajua kabla ya babu zao kuoa.

Sasa sikilizeni jambo linalochoma zaidi. Wale wale waliotugawa wamekwisha kuponya mgawanyiko wao. Mbelgiji akiugua ghafula Ujerumani leo, huonyesha kadi ya afya ya Ulaya, naye hutibiwa kwa masharti yale yale anayotibiwa Mjerumani mwenye bima. Kadi hiyo ilianza mwaka 2004, na kabla yake palikuwa na fomu ya kazi ile ile. Mifuko yao hudaiana kimya kimya ofisini, mgonjwa hahusiki. Hata Mwingereza, aliyejitoa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020 kwa kelele nyingi, mwaka 2021 alijitengenezea kadi nyingine ili asitibiwe kama mgeni akienda kuota jua Hispania. Mbelgiji na Mjerumani walipigana wao kwa wao katika ziwa letu kwa mizinga na meli za vita. Leo wana kadi moja. Sisi tuliokuwa wapagazi wao hatuna.

SAMAKI WANA MKATABA

Watasema wakubwa kwamba Ulaya ni tajiri, na kwamba mapatano baina ya nchi ni mambo magumu yanayotaka miaka. Vema. Tuwaoneshe mapatano yaliyofanywa hapa hapa ziwani.

Mwaka 2003 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi Ziwa Tanganyika, na Mamlaka ya Ziwa ikawekwa Bujumbura. Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, uvuvi upande wetu ulisimamishwa ili samaki wapate kuzaana, kwa kufuata makubaliano ya nchi zenye ziwa. Wavuvi wa Ikola na Karema walikaa miezi mitatu bila kazi. Tuliwaambia wavumilie, na walivumilia. Hatusemi lilikuwa kosa, maana samaki wakiisha na mvuvi ameisha. Twasema hivi: nchi nne ziliweza kukaa zikapatana juu ya uzazi wa dagaa. Je, uzazi wa mke wa mvuvi?

Na juu ya uzazi hasa, hoja ya ugumu haina miguu. Siasa ya afya ya Tanzania kwa miaka mingi imesema kwamba mama mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wasitozwe katika vituo vya Serikali. Kongo nayo ilianza mpango wa uzazi usiotozwa fedha mwezi Septemba 2023, ikianzia Kinshasa. Basi Serikali zote mbili zimekwisha kutamka kwa vinywa vyao kwamba mama asilipie kuzaa. Malipo haya yanayomngoja katikati ya ziwa ni ya nani? Ni ya mpaka peke yake.

Bandari mpya ya Karema imejengwa kwa karibu shilingi bilioni 48, ili mizigo ivuke kwenda Moba na Kalemie. Tuliishangilia, na twaishangilia hata sasa, maana nchi hujengwa kwa kazi kama hiyo. Gati lipo, ghala lipo, forodha na uhamiaji wana nafasi zao. Mfuko wa saruji ukifika pale unajulikana ni wa nani, umelipiwa nini, na ukipotea nani atafidia. Mtu anayeubeba mfuko ule akivuka nao, hapana anayejua akianguka nani atafidia.

Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Burundi ilikwisha kuingia mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi mwaka 2010, nayo yampa mfanyakazi wa nchi moja haki ya mafao ya hifadhi ya jamii katika nchi nyingine, kisha ikaliachia Baraza la Mawaziri litunge kanuni za jambo hilo. Maneno mazuri. Lakini mvuvi si mfanyakazi wa mkataba, wala mchuuzi wa dagaa hana mwajiri. Waliotajwa ni wachache, na hao wachache nao mpaka leo hawana kadi ya ugonjwa wanayoweza kuionyesha ng'ambo. Jumuiya imejua kupunguza ushuru wa bidhaa. Ijue na hili.

Ndugu zetu wa Katumba na Mishamo twawataja kwa sababu ndio wanaolielewa jambo hili bila kufundishwa. Wazazi wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Walipewa pori, wakaligeuza shamba, wakalisha mkoa. Serikali yetu iliwapa uraia watu zaidi ya 162,000 wa makazi yale na ya Ulyankulu, na vyeti vyao vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Lilikuwa tendo kubwa ambalo mataifa tajiri hayajathubutu kulifanya. Sasa ni Watanzania kamili, wanalipa kodi, wanapiga kura, na bima wanaandikishwa kama sisi. Lakini undugu haukufutwa na cheti. Watu huenda Burundi kuzika na kuoza, huko huugua kama wanadamu wote, na wakiugua hugundua kwamba uraia wao mpya una daktari Mpanda, na Makamba hauna.

MPAKA WA KWANZA ULIKUWA NDANI YA NCHI

Hapa hatuna budi kusema la nyumbani, maana hapana haja ya kumlaumu Mkongo kwa mlango ambao sisi wenyewe tuliufunga.

Chama cha Uhuru kilitaja maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, wakati ambapo Dar es Salaam Mzungu alikuwa na hospitali yake ufukoni na Mwafrika ana yake ya Sewa Haji. Ubaguzi ule wa rangi tuliuondoa. Kwa miaka zaidi ya thelathini mkulima alitibiwa bila kutoa senti katika hospitali za Serikali, pamoja na uhaba wote wa dawa. Mwaka 1993 uchangiaji ukaanza, na tangu hapo watu wakagawanyika upya, si kwa rangi, bali kwa kadi. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ukaanza kujaribiwa Igunga kwa ajili ya watu wa vijijini. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001, na wa kwanza kuingia walikuwa watumishi wa Serikali. Mwenye kadi ya Taifa alitibiwa Mpanda, akapelekwa Mbeya, akafika Muhimbili. Mkulima, hata Mfuko wake ulipoboreshwa mwaka 2018 na kuuza kadi kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, kadi yake ilimfikisha hospitali ya rufaa ya mkoa, ikasimama hapo.

Msishangae basi kwamba haikuvuka ziwa. Haikuvuka hata mto wa mkoa! Mtu wa Usevya aliyehitaji daktari wa Mbeya alikuwa mgeni Mbeya, kama alivyo mgeni Moba. Aliuza ng'ombe, akakodi gari. Na mwezi Machi 2024, Mfuko wa Taifa ulipotoa kitita kipya cha bei na baadhi ya hospitali za binafsi zikagoma, wenye kadi za Taifa nao walionja kwa siku chache uchungu ambao mkulima ameuonja siku zote, uchungu wa kushika kadi halali mbele ya mlango uliofungwa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Twaiunga mkono sheria hiyo kwa nguvu zetu zote. Lakini neno "wote" ni neno zito, na tutalishikilia. Kadi mpya isirithi mipaka ya kadi ya zamani. Imfikishe mtu Mbeya akihitaji Mbeya, na ikiwa aliangukia Moba au Kalemie au Mpulungu akitafuta chakula cha watoto wake, imfikie huko.

Wapo watakaotuambia kwamba matibabu ya nje ni anasa. Hatukubali. Nje kuna nje mbili. Kwa miaka mingi Serikali ilipeleka wagonjwa India kwa fedha ya umma, na ni sawa, maana wengi walirudi wazima. Na tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanza kazi mwaka 2015 safari hizo za moyo zimepunguka, nalo ni jambo la kujivunia. Mwalimu mwenyewe alifia katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, mwaka 1999, na hapana Mtanzania aliyemwonea kijicho kwa siku zile za mwisho. Kutibiwa nje si aibu. Lakini tumezoea kufikiri kwamba nje ni mahali pa kwenda kwa ndege. Nje ya mtu wa Karema yafikiwa kwa boti.

Wengine watasema, wageni watatujazia zahanati. Wageni wanakuja hata sasa, tena bila malipo kutoka kwao. Mapatano ndiyo yatakayoleta malipo. Anayepinga mapatano kwa kuogopa gharama anachagua kubeba gharama yote peke yake. Na iko gharama isiyoandikwa. Mwezi Mei 2015 Warundi kwa makumi ya maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji kidogo cha ufukoni Kigoma kisichokuwa na barabara. Liemba, meli ile iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawavusha kwa mamia. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu wapatao 30. Kipindupindu hakikuuliza hati ya kusafiria, na maji wanayokunywa wa Kagunga ndiyo maji ya ziwa tunayokunywa sisi. Mgonjwa anayeogopa gharama hujificha, na aliyejificha huwaambukiza wenzake. Jirani akitibiwa mapema Moba, umelindwa Karema.

Tena iko hoja ya ujanja, kwamba bima ya mpakani haiwezekani kwa utaratibu. Zanzibar wameiweka. Tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nchi za nje hulipia bima dola 44 anapoingia Visiwani. Mtalii wa Italia akijikata mguu Nungwi, bima ipo. Hatusemi mvuvi wa Moba alipishwe dola 44. Kwa fedha hiyo angenunua wavu. Twasema tu kwamba utaratibu uliowezekana kwa aliyekuja kuogelea, uwezekane kwa aliyekuja kuuza dagaa.

Na kuhusu hesabu za kudaiana baina ya nchi na nchi, jambo ambalo mabwana wa ofisi hulitaja kwa kukunja uso, watazame posta. Barua ya kutoka Mpanda kwenda Kalemie hubandikwa stempu ya Tanzania peke yake, na tarishi wa Kongo huifikisha. Mataifa yalipatana hivyo mwaka 1874, kabla Wabelgiji hawajafika Karema. Barua, lori, dagaa, saruji. Orodha ni ndefu, na mtu hayumo.

Sasa twadai nini? Hatudai Ulaya kwa siku moja. Twadai Wizara ya Afya ianze mazungumzo na Kongo, Burundi na Zambia juu ya mambo machache yasiyongoja: ajali, uzazi, homa kali za watoto, na mgonjwa wa ghafula anayehitaji kupasuliwa. Vituo vichache vya kila upande vitajwe kwa majina, Karema na Moba viwe vya kwanza, na kila mgonjwa aandikwe katika fomu moja kwa Kiswahili na Kifaransa. Kiswahili hakitatafsiriwa kwa yeyote, maana Moba wanakisema kama sisi. Mifuko idaiane kila miezi mitatu. Kama fedha ni kidogo, ianze kwa uzazi peke yake, ambao pande zote mbili zimekwisha kusema hautozwi. Na hapa nyumbani, Waheshimiwa wabunge wa mkoa wetu waulize Bungeni, kwa maswali ya maandishi, kadi ya Bima ya Afya kwa Wote itamfikisha mtu wa Mpimbwe hospitali gani, na kwa usafiri wa nani. Jibu lisomwe katika mikutano ya hadhara.

Serikali hii ni yetu. Kwa hiyo twaisema, kama mtu anavyoisema nyumba yake inayovuja.

Matawi ya Ikola, Karema, Katumba na Mishamo yasingoje. Katibu wa tawi akae na wanachama baada ya mkutano wa juma, awaulize ni nani aliyeugua ng'ambo katika miaka hii miwili, alitibiwa wapi, alilipa nini, aliuza kitu gani. Aandike kila jambo kwa tarehe, na majina yabaki kwake. Wasio na risiti waandikwe pia, shahidi wao akiwepo. Wenye risiti wasizitupe kwa kuwa ni za Kifaransa au zimeloa maji ya ziwa. Zikaushwe, zibandikwe katika daftari, zipelekwe kwa Katibu wa Wilaya kabla ya mwisho wa mwezi.